Barua Zenu: Kaiser, Bibi Yake na Wajukuu Waliotawala Ulaya

Safari hii ukurasa ni wa wasomaji wa Kigoma na Tabora walioandika kuuliza juu ya koo za wafalme wa Ulaya. Hatukuweza kuzijibu barua zote, tumechagua zile ambazo jibu la mmoja litawafaa na wengine. Undugu tutauhesabu kama tunavyouhesabu nyumbani: mtoto wa mjomba au wa shangazi ni binamu, watoto wa kaka wawili, au wa dada wawili, ni ndugu. Na ushauri mmoja kabla hatujaanza. Orodha za wafalme zimejaa wanaume, na ndiyo maana zinawapoteza watu. Ukitaka kujua nani ni nani wa nani, waache wafalme, wafuate mabinti walioolewa nchi za nje.

*Mhariri, shikamoo. Hapa kwetu kuna nyumba ya enzi za Wajerumani ambayo wazee husema ilijengwa kumsubiri Kaiser. Husema pia kwamba Kaiser, mfalme wa Uingereza na yule wa Urusi walikuwa ndugu kabisa. Ilikuwaje ndugu wapigane hadi vita vikafika ziwani kwetu?* (Msomaji wa Mwanga, Kigoma)

Kaiser Wilhelm II, mfalme mkuu wa Ujerumani, hakukanyaga Kigoma wala mahali popote pa Afrika Mashariki. Reli ya kati ilifika Kigoma Februari 1914, na Agosti mwaka huohuo vita vikaanza. Novemba 1918 alikimbilia Uholanzi, akaishi Doorn hadi alipofariki mwaka 1941. Kama kuna aliyemtandikia kitanda Kigoma, kilibaki bila mgeni.

Kuhusu undugu, wazee wako wamesema kweli, ila haukuwa wa aina moja kwa wote watatu. Malkia Victoria wa Uingereza alizaa watoto tisa. Wa kwanza ni binti, naye aliitwa Victoria. Aliolewa na mrithi wa ufalme wa Prussia, dola kuu ya Ujerumani, akamzaa Wilhelm mwaka 1859. Wa pili ni Edward VII, baba yake George V. Kwa hiyo Edward ni mjomba wa Wilhelm, na George na Wilhelm ni mabinamu.

Kwa Urusi inabidi uhamie Denmark. Mfalme Christian IX alikuwa na binti mkubwa, Alexandra, aliyeolewa na huyo Edward VII, na mdogo wake Dagmar, aliyeolewa na Alexander III wa Urusi na kubadilishwa jina kuwa Maria Feodorovna. Alexandra akamzaa George V, Dagmar akamzaa Nicholas II. Hao ni watoto wa dada wawili, yaani kwetu ni ndugu, na walifanana sura kiasi kwamba picha zao bado zinawachanganya watu.

Wilhelm na Nicholas ndio waliokuwa mbali kwa damu. Waliunganishwa na ndoa. Mke wa Nicholas, Alix wa Hesse, alizaliwa na Alice, binti wa pili wa Victoria. Mama yake Wilhelm ni mama mkubwa wa Alix, kwa hiyo Nicholas ni shemeji wa Wilhelm. Mara ya mwisho wote watatu kukaa pamoja ilikuwa Berlin, Mei 1913, kwenye arusi ya binti pekee wa Wilhelm. Bwana arusi, Ernst August wa Hanover, alikuwa mtoto wa Thyra, mdogo wao kina Alexandra na Dagmar. Ukumbi mzima ulikuwa wa wajomba na mashangazi.

Mwaka uliofuata, kuanzia Julai 29, Wilhelm na Nicholas walipelekeana simu za maandishi kwa Kiingereza, wakijiita Willy na Nicky, kila mmoja akimsihi mwenzake azuie jeshi. Haikusaidia. Mipango ya kukusanya askari ilikuwa imefungwa na ratiba za treni, na majenerali walishikilia kwamba atakayechelewa siku mbili amekwisha. Kwa Uingereza, uamuzi wa vita ulikuwa wa mawaziri na bunge, George hakuwa na kura. Ndoa za kifalme zilipangwa na wazazi kwa imani kwamba damu itazuia risasi. Sisi tunaona zilikuwa na nguvu ya kuleta wageni kwenye arusi tu.

*Nasikia Wabelgiji ndio walioichukua Tabora. Je, mfalme wao naye alikuwa ndugu wa Kaiser? Na yule Leopold wa Kongo anaingia wapi?* (Msomaji wa Cheyo, Tabora)

Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Tabora Septemba 19, 1916, wakati mfalme wa Ubelgiji ni Albert I. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Kizungu hulipita bila kuliona, kwa sababu wao hawana hesabu yetu.

Kulikuwa na mtawala mdogo wa Kijerumani, Franz wa Saxe-Coburg. Miongoni mwa watoto wake ni Ernst, Victoire na Leopold. Ernst alimzaa Albert, mume wa Malkia Victoria. Victoire alimzaa Malkia Victoria mwenyewe, kwa hiyo Malkia na mumewe walikuwa mabinamu. Leopold ndiye aliyechaguliwa mwaka 1831 kuwa mfalme wa kwanza wa Ubelgiji.

Hesabu sasa hatua kutoka kwa Franz. Leopold I, kisha mwanawe Philippe, kisha Albert I: hatua tatu. Upande wa pili, Ernst, kisha Albert mume wa Malkia, kisha binti yake Victoria: nazo ni tatu. Basi Albert I yuko daraja moja na mama yake Kaiser, na kwa Kaiser yeye ni mjomba. Wilhelm alikuwa mkubwa kwa umri, amezaliwa 1859 na Albert 1875, lakini ujomba hauangalii mvi. Agosti 1914 mpwa alivamia nchi ya mjomba wake, na miaka miwili baadaye askari wa mjomba wakampokonya mpwa mji wa Tabora.

Leopold II, aliyeishika Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908 na ambaye Stanley alimfanyia kazi baada ya safari zake za Ujiji, ni mtoto wa Leopold I, kwa hiyo ni binamu wa Malkia Victoria. Mwanawe pekee wa ndoa alifariki 1869 akiwa na miaka tisa. Alibaki na mabinti watatu, na sheria ya Ubelgiji wakati ule haikumpa mwanamke ufalme. Alipokufa mwaka 1909 kiti kikaenda kwa mtoto wa mdogo wake, ambaye ndiye Albert I.

*Mimi ni mwanafunzi. Tuliambiwa kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka umepinda. Rafiki zangu wanabisha.* (Nzega)

Rafiki zako wana haki. Mpaka wa eneo la mlima ulikubaliwa na serikali mbili mwaka 1886. Wakati huo Kaiser alikuwa Wilhelm I, babu yake huyu, na Wilhelm unayemsema alikuwa mwanamfalme asiye na madaraka yoyote. Alikalia kiti 1888. Mstari ulitoka pwani, karibu na mto Umba, ukazunguka mlima kwa upande wa kaskazini kwa sababu Wajerumani walikuwa wameshika mikataba na machifu wa huko, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Mkataba wa Julai 1890 ukaongeza mipaka mingine, pamoja na ule wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kwenye mikataba hiyo walisaini mabalozi na mawaziri. Bibi kwa mjukuu hakuna alichosaini.

Hadithi hii inapendwa kwa sababu nusu yake ni kweli: walikuwa bibi na mjukuu, na walipendana kwa namna yao. Malkia alipokata roho huko Osborne, Januari 22, 1901, Wilhelm alikuwa amemshikilia kwa mkono wake mmoja mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa umeumia siku alipozaliwa, alipotangulia matako, na ulibaki mfupi kwa kama sentimita 15. Angalia picha zake: mkono ule huwa mfukoni, au umeshika glavu, au umelazwa kwenye kipini cha upanga.

*Meli yetu ya Liemba zamani iliitwa Graf von Götzen. Je, huyo Graf alikuwa wa ukoo wa Kaiser?* (Ujiji)

Hapana. Graf ni cheo cha ukabaila. Gustav Adolf von Götzen alikuwa gavana wa koloni hili kuanzia 1901 hadi 1906, na meli iliyojengwa Papenburg mwaka 1913 ikapewa jina lake. Ililetwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Tofauti kati ya kabaila na mfalme haikuwa ya maneno. Mrithi wa Austria, Franz Ferdinand, alimpenda Sophie Chotek, binti wa nyumba ya Graf. Kwa sheria za ukoo wa Habsburg, Sophie hakuwa wa daraja lake. Mfalme Franz Joseph alikubali ndoa kwa sharti: Juni 28, 1900, Franz Ferdinand aliapa mbele ya mfalme na wakuu wa dola kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wao hawatarithi kiti cha enzi. Siku tatu baadaye wakaoana. Kwenye dhifa Sophie aliingia nyuma ya mabinti wote wa kifalme, hata wadogo, bila mumewe. Walipigwa risasi Sarajevo pamoja, Juni 28, 1914, tarehe ileile ya kiapo, na watoto wao watatu hawakurithi taji lolote.

*Mimi ni muuguzi. Tunafundishwa hemofilia kwa mfano wa familia ya Malkia Victoria. Wapo wanaosema ilitokana na kuoana mabinamu. Ni kweli? Na mfalme wa sasa wa Uingereza anayo?* (Kasulu)

Jibu ni hapana kwa yote mawili, dada, na sababu ni moja.

Hemofilia (ugonjwa wa damu kukosa kuganda) ya familia ile, ambayo vipimo vya mifupa ya kina Nicholas vilivyotangazwa 2009 vilionyesha ni aina ya B, yaani upungufu wa faktari IX, hukaa kwenye kromosomu X. Mwanamume ana X moja, kutoka kwa mama. Ikiwa mbovu, anaugua. Mwanamke ana mbili. Moja ikiwa nzima humkinga kwa kawaida, lakini anaibeba na kuipitisha. Mama mbebaji: kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, kila wa kike nusu kwa nusu ya kuwa mbebaji. Baba mgonjwa: mabinti wote ni wabebaji, watoto wa kiume wote wamesalimika, kwa sababu yeye huwapa Y. Albert, mume wa Malkia, hakuwa mgonjwa, kwa hiyo hakuwa na jeni hiyo mbovu, yaani chembe ya urithi, ya kumpa mtu. Ndoa ya mabinamu huongeza hatari ya magonjwa ambayo lazima upate jeni kutoka pande zote mbili. Selimundu hurithiwa kwa njia hiyo. Hili lilihitaji upande wa Malkia peke yake. Wataalamu wengi wanaona jeni iliharibika upya kwa baba yake, aliyekuwa na miaka 51 Victoria alipozaliwa.

Sasa mfuatilie. Kati ya wana wanne wa Malkia, mmoja aliugua, Leopold, aliyefariki Cannes mwaka 1884 akiwa na miaka 30 baada ya kuanguka. Binti yake, kwa lazima, alikuwa mbebaji, na mtoto wa kiume wa binti huyo alikufa 1928 baada ya ajali ya gari. Mabinti wawili wa Malkia, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji. Mwana wa Alice aliyeitwa Friedrich alianguka dirishani 1873 akiwa na miaka miwili, akafa kwa kuvuja damu ndani. Binti yake Irene aliolewa Prussia, na wawili kati ya wanawe watatu waliugua. Binti yake mwingine, Alix, aliolewa Urusi. Mwanawe pekee Alexei, aliyezaliwa 1904, alianza kutoka damu kitovuni akiwa mchanga. Ugonjwa huo ndio uliomfungulia Rasputin, mtu wa dini aliyeaminiwa kuponya, mlango wa ikulu. Madaktari wa wakati ule hawakuwa na dawa, na kama unavyojua, aspirini waliyoipenda sana siku zile huzuia damu kuganda.

Beatrice alimzaa Ena, aliyekuwa malkia wa Hispania. Wanawe wawili, Alfonso na Gonzalo, walikufa baada ya ajali za gari, 1938 na 1934, ajali ambazo mtu mwingine angetoka na bandeji. Mwanawe Juan alikuwa mzima, na ndiye babu wa mfalme wa sasa, Felipe VI.

Edward VII hakuipata X mbovu. Mtu asiyekuwa nayo hana cha kurithisha, basi George V, George VI, Elizabeth na Charles III wako nje ya mstari kabisa. Unapowafundisha wanafunzi, wachoree mstari huu uliokatika pamoja na ule uliosambaa. Wengi hujifunza kwamba ugonjwa “uko kwenye ukoo” halafu hudhani kila mtu wa ukoo anao.

*Assalaam alaykum. Nimesoma kwamba wafalme wa Hispania waliwaoa wapwa zao. Kwetu mpwa ni maharimu. Dini yao iliwaruhusuje?* (Mzee wa Ujiji)

Wa alaykumu s-salaam, mzee wetu. Dini yao nayo ilikataza. Kanisa Katoliki lilizuia ndoa za ndugu wa karibu, lakini Papa aliweza kutoa ruhusa maalumu, na wafalme waliiomba na kuipata. Philip II alimwoa Anna, binti wa dada yake, mwaka 1570. Philip IV naye, mwaka 1649, alimwoa Mariana, binti wa dada yake Maria Anna. Mariana alikuwa amechumbiwa na mtoto wa Philip. Kijana alipofariki 1646, baba mtu akamchukua mchumba, aliyekuwa bado na miaka 14 siku ya ndoa.

Sababu ilikuwa mali. Ukoo wa Habsburg ulikuwa na matawi mawili, la Hispania na la Austria, na kila binti aliyeolewa nje angeweza kuondoka na haki ya kudai nchi. Wakawa wanabadilishana mabinti wao kwa wao.

Matokeo yalimwangukia mtoto wa Philip na Mariana, Charles II, aliyezaliwa 1661. Mtazame: mama yake mzazi ni binamu yake pia, kwa sababu ni mtoto wa shangazi yake. Na huyo shangazi, Maria Anna, ndiye bibi yake mzaa mama. Wanajenetiki wa Hispania walikokotoa mwaka 2009 kiwango cha damu kujirudia katika vizazi vya ukoo huo. Mtoto wa mabinamu ni 0.0625, wa mjomba na mpwa 0.125, wa kaka na dada 0.25. Charles alipata 0.254. Amezidi mtoto wa kaka na dada, ingawa wazazi wake hawakuwa hivyo, kwa sababu mchezo uleule ulikuwa umechezwa na babu zake, na babu za babu zake, na hesabu hujumlishwa.

Taya lake la chini lilitokeza mno asiweze kutafuna vizuri, alichelewa kutembea na kusema, alioa mara mbili bila mtoto, akafa Novemba 1, 1700, siku chache kabla ya kutimiza miaka 39. Na ile mali iliyolindwa kwa wapwa ikaondoka kupitia binti hata hivyo: dada yake wa baba mmoja, Maria Theresa, alikuwa ameolewa na Louis XIV wa Ufaransa, na mjukuu wake ndiye aliyekuwa Philip V wa Hispania, na kiti hicho kikagombewa katika vita vilivyoanza 1701 na kudumu zaidi ya miaka kumi.

*Malkia Elizabeth na mumewe Philip walikuwa ndugu? Na jina la Windsor linatoka wapi?* (Urambo)

Walikuwa ndugu mara mbili, na kila njia inatoa jibu lake. Kwa Malkia Victoria: Edward VII, George V, George VI, Elizabeth. Upande wa Philip: Alice, Victoria wa Hesse, Alice wa Battenberg, Philip. Hatua nne kwa nne, wote ni vilembwe wa Malkia, daraja moja. Kwa Christian IX wa Denmark: Alexandra, George V, George VI, Elizabeth ni nne, lakini George I wa Ugiriki, Andrew, Philip ni tatu. Kwa njia hii Philip yuko daraja moja na baba yake Elizabeth, yaani ni baba wa ukoo. Mkewe alikuwa mwanawe kwa Denmark na mwenziwe kwa Uingereza.

Windsor ni jina la kasri. Ukoo uliitwa Saxe-Coburg na Gotha, jina la Kijerumani la mume wa Victoria. Mwaka 1917, vita vikiwa vimepamba moto na ndege za Kijerumani zinazoitwa Gotha zikiangusha mabomu London, George V alitangaza Julai 17 kwamba jina ni Windsor. Siku hizohizo jamaa zake wa Battenberg wakageuka Mountbatten, jina ambalo Philip alilichukua 1947 kabla ya ndoa. Dada zake watatu waliokuwa hai walikuwa wameolewa na Wajerumani, hawakualikwa arusini.

*Je, Anastasia, binti wa Tsar, alinusurika?* (Kibondo)

Hakunusurika. Familia ya Tsar Nicholas II, watu saba, pamoja na watu wanne waliokuwa wakiwahudumia waliuawa Yekaterinburg usiku wa kuamkia Julai 17, 1918. Mifupa ya watu tisa ilifukuliwa 1991, na ya watoto wawili waliobaki ilipatikana 2007. Aliyejiita Anastasia kwa miaka mingi, Anna Anderson, alifariki 1984. Kipande cha nyama ya mwili wake kilichohifadhiwa hospitali kilipimwa 1994, kikaoana na ukoo wa mfanyakazi wa kiwandani kutoka Poland.

Linalovutia zaidi ni jinsi mifupa ilivyotambuliwa. Kuna DNA inayotoka kwa mama tu. Alix aliipata kwa Alice. Philip naye, kupitia mama yake na bibi yake mzaa mama, aliipata kwa Alice huyohuyo. Akatoa damu, ikalingana na ya mama na mabinti. Charles asingefaa kwa kipimo hicho, kwa sababu ya kwake ilitoka kwa Elizabeth.

*Nataka wanafunzi wachore ukoo huu ukutani. Kila tukianza tunaishia kwenye fujo. Tufanyeje?* (Mwalimu wa Historia, Igunga)

Mwalimu, fujo huanzia kwenye kutaka kuandika kila mtu. Victoria peke yake alikuwa na wajukuu 42. Amua kwanza swali ambalo mchoro utajibu, kwa mfano “Wafalme wa 1914 walihusianaje?”, na asiyejibu swali hilo aachwe.

Unganisheni manila mbili ubavu kwa ubavu. Chora mistari mitano ya penseli ya kulala, mmoja kwa kila kizazi, ukiacha sentimita 10 kati yake. Mstari wa juu waweke Victoria upande mmoja na Christian IX upande wa pili. Edward na Alexandra watakutana katikati, kwa hiyo watoto wa Christian msiwapange kwa umri, Alexandra awe wa kwanza kutoka katikati. Kwa watoto wa Victoria, Edward naye awe wa kwanza kutoka katikati, wengine wapangwe kwa kuzaliwa kwenda nje. Ndoa ziwe alama ya sawasawa. Wino wa rangi moja kwa wanaume, mwingine kwa wanawake, na mtaona wenyewe kwamba karibu kila mstari unaovuka mpaka wa nchi ni wa rangi ya wanawake.

Makosa matatu hurudi kila mara. La kwanza ni majina. Kuna Alexandra wa Denmark na Alexandra Feodorovna, ambaye ni Alix; kuna Victoria mama, binti na mjukuu; Edward VII alibatizwa Albert Edward, na George VI jina lake la kwanza lilikuwa Albert. Andika jina la kuzaliwa juu, la kitawala chini, na mwaka wa kuzaliwa kila mahali. La pili ni mtu kutokea mara mbili, kama Philip. Mchore mara moja, kisha mvute kwa mstari wa nukta kwenye tawi la pili. La tatu ni tarehe za Urusi. Hadi 1918 walitumia kalenda iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na 13 katika karne ya 20, ndiyo maana Nicholas ana tarehe mbili za kuzaliwa, Mei 6 na Mei 18, 1868. Chagueni moja na mwandike pembeni mmeichagua ipi.

*Wafalme wa leo bado ni ndugu? Na wasichana wanarithi siku hizi?* (Sikonge)

Ndiyo. Charles III, Harald V wa Norway, Carl XVI Gustaf wa Sweden, Frederik X wa Denmark na Felipe VI wote wametokana na Victoria. Harald na Albert II wa Ubelgiji, aliyemwachia mwanawe Philippe kiti 2013, ni watoto wa dada wawili wa Sweden, Märtha na Astrid.

Kuhusu wasichana, Sweden ilitangulia 1980: mtoto wa kwanza ndiye mrithi, awe wa kike au wa kiume, na sheria ikamvua urithi mvulana aliyekuwa na miezi michache ikampa dada yake Victoria. Zikafuata Uholanzi 1983, Norway 1990, Ubelgiji 1991, Denmark 2009, na Uingereza, ambako sheria ilianza kutumika 2015. Kwa waliokwisha kuzaliwa Norway ilimwacha mwanamume mbele, ndiyo maana Haakon yuko mbele ya dada yake mkubwa. Hispania bado inamtanguliza mwanamume. Leonor, binti wa Felipe VI, ni mrithi kwa kuwa hana kaka wala mdogo wa kiume.